Nahamia Arusha na familia: nianzie Njiro, Moshono, Ilboru au Tengeru?

Mgeni_Mteule
Wakuu, salaam. Nahamia Arusha mwezi Juni nikitokea Mwanza. Tupo watano: mimi, mke, watoto wawili (miaka 3 na 7) na dada wa kazi. Kituo changu cha kazi ni Njiro, jirani na Chuo cha Uhasibu. Mke anafundisha Tengeru. Gari ni moja, Passo, na mara nyingi nitakuwa nalo mimi. Kodi tunayoimudu ni laki tatu na nusu, ikizidi sana laki nne. Natafuta nyumba ya vyumba viwili au vitatu, ndani ya fensi, maji ya uhakika, na njia isiyotutesa. Madalali watatu wameshanitumia picha na zote zina Mlima Meru kwa nyuma. Naombeni mwongozo usio wa kidalali.

Fundi_Bomba
Karibu Chuga mkuu. Hizo picha za Meru weka kando, mlima utauona hata ukiwa stendi. Hapa mjini swali la kwanza ni maji, na lina vipande vitatu: yanatoka wapi, yanatoka siku zipi, na yana floraidi kiasi gani.

Dalali akikwambia "maji yapo muda wote" mara nyingi anamaanisha kuna simtank. Ukifika kwenye nyumba usifungue bomba la jikoni, hilo linakula maji ya tanki. Tafuta mita ya AUWSA (mamlaka ya maji ya Arusha), kisha ufungue bomba la uani lililo kati ya mita na tanki. Likitoka kwa nguvu, leo ni siku ya mgao. Likikoroma hewa tu, ndiyo hali halisi ya siku nyingine. Halafu panda uangalie tanki lenyewe: mstari wa uchafu ndani unaonyesha maji huwa yanafika wapi. Mstari ukiwa chini ya nusu, hilo tanki halijai. Kisha vuka barabara umuulize jirani mwenye bustani au duka, siyo mpangaji wa nyumba hiyo hiyo, maana huyo anaweza kuwa anatafuta mtu wa kurithi mkataba wake.

Kama nyumba inatumia kisima cha mwenye nyumba, uliza pampu iko kwenye LUKU (mita ya umeme) ya nani. Hapo ndipo ugomvi wa wapangaji wengi unapoanzia.

Sasa floraidi. Meru ni volkano, na miamba yake inaachia floraidi kwenye maji ya ardhini. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, kwa hiyo maji meupe kabisa yanaweza kuwa mabaya na maji yenye tope kidogo ya masika yakawa salama upande huo. Kiwango cha kitaifa, sawa na cha Shirika la Afya Duniani, hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi kuzunguka mlima vinapita hapo, na upande wa Maji ya Chai na Usa River unajulikana kwa kuzidi mno. Lakini usihukumu kata nzima. Floraidi hutofautiana kisima kwa kisima, na bomba la mtaa mmoja linaweza kuwa na chanzo tofauti na mtaa wa pili.

Una mtoto wa miaka 3 na wa 7, kwa hiyo hili ni la kwako hasa. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya fizi mpaka kama miaka 8. Madoa ya kahawia yakishaingia hayatoki kwa mswaki.

Mgeni_Mteule
@Fundi_Bomba asante sana. Sisi maji ya kunywa tunachemsha na kuchuja kwa chujio la mishumaa. Haitoshi?

Fundi_Bomba
Kwa vijidudu inatosha. Kwa floraidi hapana. Ukichemsha maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina floraidi zaidi kidogo. Mishumaa nayo inazuia tope na vijidudu, vitu vilivyoyeyuka vinapita. Vidonge vya klorini ni hivyo hivyo.

Vinavyofanya kazi ni chujio la mkaa wa mifupa na mtambo wa osmosisi (RO), unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba. Mkaa wa mifupa umefanyiwa utafiti hapahapa, kituo cha Ngurdoto, na ni rahisi kuutumia, ila unachoka. Ukishachoka maji yanatoka safi machoni lakini floraidi inapita yote, hivyo lazima yapimwe tena kila baada ya muda na mkaa ubadilishwe. Mifupa iliyochomwa vibaya inatia maji harufu, ukinunua wa aina hiyo mrudishie muuzaji. Osmosisi inaondoa vizuri, lakini inahitaji msukumo. Ukiifunga chini ya simtank la stendi fupi bila kipampu chake itadondosha matone tu, na kwa kila lita safi inamwaga lita kadhaa. Hizo za kumwaga zielekeze kwenye ndoo ya kudekia.

Kupima: chukua chupa ya plastiki ya lita moja, siyo ya kioo. Acha bomba litiririke dakika mbili tatu, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, jaza, funga, andika mtaa, tarehe na chanzo. Peleka maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo Arusha. Waambie unataka floraidi peke yake, usilipie orodha nzima. Fanya hivyo kabla ya kusaini. Mwenye nyumba akikunja uso kwa sababu ya chupa ya maji, hata choo kikiziba atakunja.

Mama_Ngulelo
Naongezea kwa upande wa jikoni. Kaka usihesabu maji yote ya nyumba, utaona mlima. Kuoga, kufua na kudeki kwa maji yenye floraidi hakuna shida. Yanayohitaji kuwa salama ni ya kunywa, chai, uji, wali, maharage. Weka lita 4 kwa mtu: watu watano ni lita 20 kwa siku, yaani dumu moja.

Maji ya mvua hayana floraidi. Bati la mita za mraba 80, mvua ya milimita 10 ikinyesha, ukitoa yanayopotea unapata kama lita 640. Kiangazi kikavu cha Juni hadi Oktoba ni siku 150, kwa dumu moja kwa siku ni lita 3,000. Kwa hiyo tanki la lita 3,000 la pembeni, la kunywa tu, lililofungwa mfuniko, linamaliza kiangazi chote. Mvua ya kwanza baada ya ukame igeuzie nje, lita 40 hadi 80 za mwanzo ni vumbi na kinyesi cha ndege. Halafu bado yachemshe, ndege hawajui kwamba unavuna.

Tatizo lako ni kwamba unakuja Juni, masika imeshaondoka, na vuli ni Novemba. Miezi hiyo ya kwanza panga bajeti ya maji ya kununua, au uombe dumu kwa mwenye tanki la mvua.

Na jambo ambalo wageni hawaambiwi: magadi. Huku tunalainishia makande na maharage kwa magadi, nayo yana floraidi yake, mengine nyingi sana. Unaweza kuhangaika na chujio halafu ukairudisha floraidi sufuriani kwa kijiko. Maharage yaloweke usiku kucha, yataiva bila magadi. Mwambie na dada mapema, maana jirani wa kwanza atakayempa ushauri wa mapishi atampa na kipande cha magadi.

Konda_Mstaafu
Tuhamie barabarani. Mji huu umelala mashariki–magharibi chini ya mlima, na uti wake ni barabara ya Tengeru, Kimandolu, Sanawari, Mianzini, Sakina, kuendelea Ngaramtoni. Kipande cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ni njia nne. Njiro imening'inia kusini, unaifikia kwa kupitia mzunguko wa Impala, na hapo asubuhi ndipo foleni inapolala.

Kwa hali yako angalia nani anaenda wapi. Asubuhi magari yanaingia mjini, jioni yanatoka. Mkikaa Tengeru, mama anatembea kwa mguu, wewe unaingia na mkondo wote wa asubuhi mpaka Kijenge, ndipo ushuke Njiro. Mkikaa Njiro wewe umepona, mama anakwenda kinyume cha foleni, ila ni magari mawili: Njiro hadi mjini, halafu la Tengeru. Kwa mwalimu anayetakiwa kazini saa moja na nusu, gari mbili asubuhi ni kuamka saa kumi na moja.

Mkikaa kati, yaani Kimandolu, Baraa, Ngulelo, mama anapanda Noah au Hiace moja kwa moja, wewe unashuka Kijenge kwenda Njiro. Moshono ni nzuri kwako, ila daladala zake zinashuka mjini kupitia Kijenge, mama atatumia boda kukatiza kufika barabara ya Moshi. Mvua ikinyesha boda hakatizi, au anakatiza kwa bei mbili.

Ukipata nyumba kandokando ya njia nne, angalia kituo cha kuingilia mjini kiko upande gani. Mtoto wa miaka 7 kuvuka njia nne saa 12 asubuhi na giza la Julai siyo mchezo. Upande wa kaskazini au kusini wa barabara unaweza kuwa na maana kuliko jina la kata.

Ilboru na Sakina juu kwa mchanganyiko wenu ni mbali pande zote mbili. Ngaramtoni sahau.

Olasiti_Asilia
Kila siku nyie ni Njiro na Kimandolu tu. Olasiti, Burka, Kisongo mbona hamtaji? Nyumba mpya, viwanja vimenyooka, kodi ndogo, na kuna barabara ya mchepuo ya kilomita 42.4 inayozunguka kusini mwa jiji mpaka Usa River. Mtu wa Olasiti anafika Njiro bila kugusa mjini.

Konda_Mstaafu
@Olasiti_Asilia hakuna aliyekukataza mkuu. Kwa mwenye gari mchepuo ni mkombozi. Kwa mama wa Tengeru asiye na gari, mchepuo ni lami ya kuangalia. Daladala zinafuata abiria, na abiria wako njia ya mjini. Na jamaa amesema njia isiwatese: Olasiti hadi Kisongo kuanzia Julai vumbi ni sehemu ya familia. Upande wa kusini na magharibi mvua ni haba kuliko upande wa mlimani, na barabara nyingi za ndani hazina lami. Madirisha ya alumini ya kusukuma yana mfereji chini, ukipitisha kidole wakati wa kukagua utajua kila kitu.

Olasiti_Asilia
Vumbi linafagiliwa. Tope la Ilboru je?

Chalii_wa_Ilboru
Tope la Ilboru lina heshima yake 😂. Lakini tuseme ukweli. Ukipanda mlima joto linapungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,400 hivi, kwa hiyo tofauti ya kipimajoto kati ya Njiro na Ilboru juu ni ndogo. Kinachouma ni unyevu. Juni hadi Agosti wingu linalala upande huu, nguo za watoto zinakaa kwenye kamba siku mbili, na ukuta unaanza ukungu.

Mtu wa Mwanza afanye hivi akikagua nyumba yoyote ya upande wa juu: avute kabati aangalie nyuma yake, anuse godoro la chumba kisicholaliwa, aangalie pembe za dari. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba inaficha kitu. Kisha aangalie madirisha yanatazama wapi. Sisi tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo Juni jua linapita upande wa kaskazini, na kaskazini ndiko uliko mlima. Dirisha linalotazama Meru ndilo linalopata jua la miezi ya baridi, isipokuwa kama kuna miti mirefu au ghorofa la jirani. Nyumba iliyogeuza mgongo wake kaskazini, yenye kidirisha cha choo tu upande huo, itakuwa friji mpaka Septemba. Kwa hiyo picha za madalali zina faida moja, ukiona mlima kupitia dirisha la sebule, jua la Julai litaingia humo.

Njia za kupanda: ukikuta zege limemwagwa kwenye mikondo miwili ya matairi tu, ina maana mvua ikinyesha magari yalikuwa hayapandi. Passo yako itagusa tumbo katikati.

Mpimaji
Nimesubiri mtu ataje makorongo, naona mnazungumzia vidirisha.

Mito ya Themi, Naura, Goliondoi, Ngarenaro, Burka na mingine midogo inashuka kutoka Meru na kukata mji kaskazini kwenda kusini. Kiangazi unakuta korongo kavu, watoto wanacheza mpira, mtu ameanika matofali. Masika maji yanashuka kutoka juu hata kama mtaani kwenu jua linawaka, kwa hiyo kusubiri mvua inyeshe ulipo ndipo uogope ni kosa. Aprili 2024 gari la shule lilisombwa korongoni hapahapa Arusha na watoto wakapoteza maisha. Kwa mwenye watoto wa kupanda gari la shule, swali siyo tu nyumba iko wapi, ni gari linavuka korongo gani na kwa daraja la aina gani. Uliza dereva, siyo mwalimu mkuu. Kivuko cha bomba la zege lenye udongo juu siyo daraja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni ziachwe bila shughuli za kudumu za kibinadamu. Nyumba nyingi za kupangisha zimo ndani ya hizo 60, na kodi yake ni nafuu kwa sababu hiyo. Dalali anaiita "mandhari tulivu". Ukienda kukagua tafuta alama hizi: mifuko ya plastiki na nyasi kavu zilizonasa kwenye seng'enge au matawi, na pima zimenasa kimo gani, mstari wa tope ukutani kwa nje, hata kama umepakwa chokaa, kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali baada ya nyumba kwisha, tundu kwenye fensi usawa wa ardhi upande wa juu na jingine upande wa chini. Hilo tundu la mwisho wageni hudhani ni la paka. Ni njia ya maji kupita uani kwako.

Angalia na ukuta wa mbele. Sheria ya barabara ya 2007 inatoa mita 30 kila upande kwenye barabara kuu kutoka katikati. Ukiona X nyekundu kwenye fensi, hata iliyofifia, jua fensi hiyo na pengine baraza vinaweza kuondoka wakati wa upanuzi, na wewe utabaki unalala barabarani huku umelipa miezi sita.

Maeneo ya udongo mweusi wa mbuga ni jambo jingine. Kiangazi unapasuka, masika unavimba, na nyumba inafuata. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, unaoingia sarafu, usikubali kuambiwa ni plasta.

La mwisho, mipaka. Njiro, Moshono, Kimandolu, Baraa, Olasiti, Muriet ziko Jiji. Ilboru, Kiranyi, Moivo, Kisongo, Ngaramtoni ziko Halmashauri ya Arusha. Tengeru na Usa River ziko Halmashauri ya Meru. Uhamisho wa mtoto wa shule ya serikali na barua zako zitafuata halmashauri, siyo anwani ya "Arusha" unayoandika.

Mgeni_Mteule
Wakuu nimejifunza mengi. Nimebaki na mbili: moja Moshono, laki tatu na nusu, mwenye nyumba yumo ndani ya fensi hiyohiyo. Nyingine Kimandolu upande wa chini, laki tatu na themanini, nyumba peke yake. Ya Moshono mita ya umeme ni moja kwa nyumba tatu, tunagawana. Hii ya mita naichukuliaje? Na dalali anasema nikichelewa bei itapanda kwa sababu ya uwanja wa AFCON.

Stima
Uwanja wa AFCON 2027 uko Olmoti. Madalali wanautaja hata kwa nyumba za Kisongo, akikutajia tena muulize ni dakika ngapi kwa mguu.

Mita moja kwa nyumba tatu ikwepe ukiweza. Sababu siyo ugomvi tu, ni bei. Matumizi ya nyumbani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi yana bei ya chini, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ambayo ukiongeza inakuwa kama 122. Mita inayozidi inahamia bei ya kawaida, 292, na pamoja na kodi na tozo ni kama 356. Familia moja isiyo na jiko la umeme wala heater ya kuogea inaweza kubaki ndani ya 75: kwa 122 ni 9,150. Familia tatu kwenye mita moja haziwezi, kwa hiyo uniti zako zilezile 75 zitakugharimu 26,700. Tofauti ya elfu kumi na saba na nusu kila mwezi iongeze kwenye kodi ya Moshono ndipo ulinganishe na Kimandolu. Lakini Arusha Julai bila heater ya kuogea, na watoto… utapita 75 mwenyewe, hivyo tofauti itapungua. Angalau utajua umeuchoma wewe.

Kama utaichukua hata hivyo, dai mita ndogo kwa kila nyumba, na siku ya kuingia wote mpige picha namba zake pamoja.

Na ile ya Kimandolu, uliza imekaa tupu muda gani. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mita isiponunuliwa umeme miezi mitano, deni linalimbikizwa: siku ya kwanza ukinunua wa elfu kumi, 7,500 inaondoka kabla hujapata uniti. Hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, siyo yako. Iandikwe kwenye mkataba kwamba makato ya kodi ya jengo yatatolewa kwenye kodi ya pango, na utunze meseji za LUKU kama ushahidi.

Mwenyekiti_Mstaafu
Kijana, kabla ya mkataba jua unayelipana naye. Nyumba moja kupangishwa kwa watu wawili si jambo geni mji huu. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, taja nyumba, uliza mwenyewe ni nani. Kisha jina hilo lifanane na kitambulisho chake na jina la akaunti utakayolipia. Akisema ulipe kwenye namba ya simu ya "mdogo wangu", rudi nyuma.

Hesabu ya kuingia ni hii: miezi sita ya laki tatu na themanini ni 2,280,000. Dalali anachukua mwezi mmoja, 380,000. Hiyo ni 2,660,000 kabla ya Fuso la mizigo. Udalali unalipwa baada ya kukabidhiwa ufunguo, siyo baada ya kuonyeshwa.

Kwenye mkataba mambo yanayosahaulika ni manne tu: nani analipia kunyonya karo la choo likijaa, nani anarekebisha pampu ya maji, ushuru wa taka na mlinzi ni wa nani, na notisi ni miezi mingapi kila upande. La karo lisichukuliwe kwa mzaha. Mitaa mingi haina bomba la majitaka, na huku mlimani mafundi wakigonga mwamba wanaishia hapohapo na kulifunika. Karo fupi linajaa upesi. Gonga mfuniko, uliza lilinyonywa lini mara ya mwisho, na gari la majitaka linapita getini au la.

Mkishaingia, mfike mtaani mjiandikishe. Barua ya utambulisho mtaihitaji siku ambayo ofisi imefungwa.

Fundi_Bomba
Kwa Kimandolu angalia na hili: tanki lina lita ngapi na limekaa kimo gani. Watu watano kwa lita 60 kila mmoja ni lita 300 kwa siku. Tanki la 1,000 ni siku tatu, na mgao ukikatika wiki utaita boza la maji. Omba la 2,000 angalau. Likijaa ni tani mbili, kwa hiyo tazama miguu ya stendi: chuma kilicholika pale kinapoingia kwenye zege ni hatari, na watoto hupenda kucheza chini yake kwa sababu kuna kivuli.

Kuhusu msukumo, mita 10 za kimo ndiyo ba 1. Stendi ya mita 4 na kichwa cha bomba la mvua kwenye mita 2 unabaki na ba 0.2. Heater nyingi za papo hapo hazitawaka vizuri hapo, mtu anadhani imeharibika anabadilisha mbili. Dawa ni kuinua tanki au pampu ndogo ya nusu farasi yenye swichi ya kujizima maji yakiisha, la sivyo itavuta hewa iungue.

Mgeni_Mteule
Basi Kimandolu, kama chupa ya maji itarudi vizuri. Shemeji yangu yupo huko, atapeleka sampuli Jumatatu. Fuso nimeipangia ifike Jumatano asubuhi.

Mama_Ngulelo
Ikitokea Mwanza itaingilia upande wa Kisongo, hapo sawa. Ila mke asipange Jumatano hiyohiyo kwenda kuripoti Tengeru na mizigo. Jumatano na Jumamosi ni soko la Tengeru, Noah zinajaa ndizi mpaka mlangoni. Aende Jumanne.

Mgeni_Mteule
Nimechelewa kuuona ujumbe huu, Jumanne imepita.